Hali Ziamuliwe Kabla ya Skrini

Msimbo wa kurasa za wavuti umejaa maswali ya ndiyo na hapana. Kama mtu ameingia, mwonyeshe jina lake. Kama orodha ni tupu, mwambie hakuna kitu. Kama seva haijajibu, zungusha kile kiduara cha kusubiri. Tangu Facebook ilipoiachilia React kwa umma mwezi Mei 2013, na Evan You akafuata na Vue mwezi Februari 2014, kurasa nyingi zimekuwa zikijengwa kwa vijenzi, yaani vipande vidogo ambavyo kila kimoja kinajua kujichora, na maswali hayo yamehamia ndani ya vijenzi vyenyewe. Hapo ndipo ubishi wa usafi ulipoanzia. Je, masharti yaandikwe kwa alama ya kuuliza na nukta pacha, kwa alama mbili za “na”, au kwa kurudisha jibu mapema na kuachana na mengine yote? Nadhani ubishi huo umeshika mkia ukaacha kichwa. Msimbo wenye masharti machafu mara nyingi ni kazi ya mtu ambaye hakuwa ameamua kitu anachokionyesha kinaweza kuwa katika hali ngapi. Akishaamua, alama atakazotumia hazina uzito mkubwa. Asipoamua, hata zile zinazosifiwa na wajuzi hazitamwokoa.

Mahali pazuri pa kulipimia dai hili pako mbali na ofisi za programu za Nairobi. Tseikuru ni wadi ya eneo bunge la Mwingi Kaskazini, kaunti ya Kitui, katika nchi kavu inayoelekea mto Tana. Wakenya wengi hulijua jina hilo kwa sababu mwanasiasa Kalonzo Musyoka alizaliwa huko mwaka 1953, jambo ambalo halijawahi kuleta mvua. Watu hupanda ndengu, kunde, mtama na mawele, hufuga mbuzi, na huzitegemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei. Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya tahadhari ya mapema kwa kaunti 23 kame na nusu kame, Kitui ikiwemo. Ndani yake mna mvua iliyonyesha, hali ya mimea inavyoonekana kutoka kwenye setilaiti, umbali ambao watu na mifugo hutembea kufuata maji, maziwa yanayokamuliwa, kilo za mahindi ambazo bei ya mbuzi mmoja inaweza kununua, na unene wa mkono wa mtoto wa chini ya miaka 5. Baada ya vipimo vyote hivyo, taarifa hutamka awamu moja kati ya tano: Kawaida, Tahadhari, Hatari, Dharura au Ahueni. Pembeni huwekwa mwelekeo, kama hali inaimarika, imetulia au inazorota.

Sasa tuseme mtu ameagizwa kutengeneza kijenzi kitakachoonyesha awamu hiyo kwenye simu. Njia inayomjia haraka ni kuweka kigezo kimoja kwa kila swali: niKawaida, niTahadhari, niHatari, niDharura, niAhueni, kila kimoja kikiwa kweli au uongo. Siku ya kwanza msimbo utafanya kazi. Lakini vigezo 5 vya ndiyo na hapana vina mipangilio 32, na katika hiyo ni 5 tu yenye maana; 27 iliyobaki ni upuuzi ambao programu imekubali kuubeba. Siku kijenzi kitakapopokea Tahadhari kabla hakijaifuta Kawaida, skrini itaonyesha mabango mawili yanayopingana, na mwandishi ataongeza sharti la kuzuia: onyesha Kawaida endapo ni Kawaida na si Tahadhari. Kesho ataongeza jingine. Miezi michache baadaye atakuwa na alama za kuuliza zilizopachikwa ndani ya alama za kuuliza, na mwenzake atakayeirithi kazi hiyo atalazimika kuisoma kwa kidole. Huyo mrithi atazilaumu alama za kuuliza. Zinaonewa. Tatizo lilizaliwa pale kitu kimoja chenye majina matano kilipovunjwa kuwa vitu vitano visivyojuana. Kigezo kimoja tu, tukiite awamu, kinachobeba jina moja kati ya hayo matano, huifuta mipangilio yote 27 kwa mkupuo mmoja. Masharti yanageuka kuwa jedwali dogo ambamo kila jina lina bango lake, na hakuna tena haja ya kuuliza kama ni hiki na wakati huohuo si kile.

Wazo hili si geni. David Harel, mwanasayansi wa kompyuta wa Israeli, alichapisha mwaka 1987 mfumo wake wa kuchora hali za mashine, uliotokana na kazi aliyoifanya pamoja na wahandisi wa mitambo ya ndege za kivita. Watu hao walikuwa na nyaraka nene zinazoeleza kila kitufe, lakini kueleza kwa pamoja kitufe hicho kinafanya nini katika kila hali ya ndege kuliwashinda. Bango la ukame kwenye simu ni kitu kidogo mno likilinganishwa na ndege. Hata hivyo maradhi ni yaleyale, na dawa ni ileile: orodhesha hali kwanza, kisha uandike.

Mvua inatuonyesha jambo gumu zaidi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kati ya Juni na Septemba, mwezi wa milimita 0 huko Tseikuru si ajabu. Sufuri hiyo ni habari kamili: kuna mtu aliyekisoma kipimo, akakuta hakuna kitu, akaandika. Pengo kwenye data ni jambo lingine kabisa. Pengine kipimo kimeharibika, pengine ripoti haijafika. Sasa tazama mstari ambao waandishi wa React huuandika kila siku: mvua && <Kiwango />. Aliyeuandika alikusudia kwamba kukiwa na data ya mvua, kijenzi cha Kiwango kichorwe. Lakini JavaScript huihesabu sufuri kuwa uongo, kwa hiyo Kiwango hakichorwi. Zile alama mbili nazo, zikikuta uongo upande wa kushoto, hurudisha kilekile kilichokuwa kushoto, yaani 0. React haichori chochote ikipewa uongo, null au undefined, ila namba huichora. Matokeo yake skrini inabaki na 0 tupu, isiyo na neno milimita, isiyo na tarehe, imekaa kama iliyosahauliwa na mtu. Mwandishi akiiona huidhani kasoro ya sura tu, akabadilisha mstari: mvua ? <Kiwango /> : <HakunaData />. Sasa skrini inapendeza, na inasema uongo. Mwezi mkavu kuliko yote unatangazwa kuwa mwezi usio na taarifa, na anayesoma ataondoka akidhani kwamba hakuna anayejua, ilhali kuna aliyejua na akaandika.

Katika Vue, sharti la namna hiyo likiandikwa v-if="mvua" huficha kijenzi kizima bila kuacha hata ile 0 ya kumshtua mtu. Kwa maoni yangu React imetutendea wema bila kukusudia, kwa kuwa kosa linaloonekana lina nafuu kuliko kosa lenye adabu. Lakini katika zote mbili chanzo ni kimoja. Swali lililokusudiwa lilikuwa: je, kuna kipimo? Lililoulizwa likawa: je, thamani hii inahesabika kuwa kweli? Mstari ulionyooka ni ule unaouliza lililokusudiwa, mvua !== null, nao ni mrefu kuliko ule wa mwanzo. Hapa ndipo ninapoachana na wanaopima usafi kwa idadi ya herufi. Hata null yenyewe haitoshi sana. Tony Hoare, aliyeiingiza katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965, alikuja kuuita uamuzi huo mwaka 2009 kosa lake la dola bilioni moja. Kwetu null inatenga pengo na sufuri, jambo ambalo ni heri, lakini haisemi pengo limetoka wapi. Kipimo kilichoharibika kinahitaji fundi, na ripoti iliyochelewa inahitaji subira. Mtu wa ofisi ya kaunti angependa kujua anakabiliana na lipi. Hivyo data ya mvua nayo ingestahili majina yake: imepimwa (pamoja na namba yake), haijafika, kipimo ni kibovu. Majina matatu, sentensi tatu kwenye skrini.

Kuna kishawishi kingine kinachochafua masharti, nacho ni kijenzi kujifanyia uamuzi usio wake. Kipimo cha mimea cha setilaiti, kinachofahamika kwa herufi VCI, hugawanywa kwa ngazi zinazojulikana: 50 na zaidi ni unyevu wa kupita kawaida, 35 hadi 50 ni kawaida, 20 hadi 35 ukame wa wastani, 10 hadi 20 ukame mkali, na chini ya 10 ukame uliopindukia. Mwandishi akiziona ngazi hizo hujisikia amepewa kila kitu. Huandika ndani ya kijenzi kwamba ikiwa chini ya 35, onyesha bango la Tahadhari, na anaamini amerahisisha. Lakini awamu haitokani na namba hiyo peke yake. Katika ukame wa mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika katika maeneo mengi ya kaskazini na mashariki mwa Kenya. Kisha mvua kubwa za El Niño zikaja mwishoni mwa 2023. Katika mzunguko wa namna hiyo VCI ya 28 inaweza kupitiwa mara mbili, mara moja ikishuka na mara moja ikipanda. Ikishuka, mbuzi bado wana mwili na ghala lina chochote. Ikipanda, nyasi zimechipua ndani ya wiki chache, lakini mbuzi waliokufa hawachipui, na familia iliyouza mbuzi wake kwa bei ya kutupa haina wa kukamua. Ndiyo maana kuna awamu iitwayo Ahueni: ni hali ambayo haiwezi kutambulika bila kujua ilikotoka. Sharti lililoandikwa ndani ya kijenzi halina kumbukumbu hiyo. Kijenzi kipokee uamuzi ulioshafanywa na wenye kazi, kisha kiuonyeshe. Zaidi ya hapo, ngazi zilezile zikinakiliwa katika vijenzi vitatu, ipo siku kimoja kitasahihishwa na viwili visahaulike, na ukurasa mmoja utaanza kubishana na mwingine.

Atakayenipinga atasema kwamba mambo ya dunia hayakai katika majina matano. Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Kusema kaunti nzima iko Tahadhari ni kuuficha ukweli kwamba upande mmoja unavuna na mwingine unahemea. Taarifa zenyewe za ukame hulitambua hilo, kwani huigawa kaunti kwa kanda za riziki na kuipa kila kanda tathmini yake. Pingamizi hili nalikubali, ila linanisaidia. Linachodai ni kwamba jina liwekwe pale panapostahili, kwa kanda badala ya kaunti, wala halidai kwamba majina yaachwe. Vivyo hivyo kuhusu mwelekeo: awamu 5 mara mielekeo 3 ni 15, na kuna waandishi ambao wakiona hivyo hutunga majina 15, TahadhariInayozorota na ndugu zake, hadi jedwali linakuwa refu kuliko taarifa. Huko nako ni kutoamua. Awamu na mwelekeo ni maswali mawili, kila moja lina majibu yake, na mshale wa mwelekeo unaweza kuchorwa pembeni ya bango lolote bila kujua ni bango gani. Kazi ya akili ni kutambua maswali yanayofungamana na yale yasiyofungamana. Yanayofungamana yabebwe na kigezo kimoja. Yasiyofungamana yaachwe kila moja na njia yake. Hakuna alama ya lugha yoyote ya programu itakayoifanya kazi hiyo kwa niaba ya mtu.

Pingamizi la kwamba hii yote ni sherehe kubwa kwa jambo dogo ni la kweli mahali pake. Kitufe cha kufunga dirisha kionekane dirisha likiwa wazi: hilo ni swali la ndiyo na hapana tangu kuzaliwa kwake, na alama mbili za “na” zinalitosha. Anayelitungia jedwali anajichosha.

Lililo zito zaidi ni suala la mtandao. Ukurasa ukijengwa na kujaribiwa penye intaneti ya kasi, hali ya kusubiri hupita kabla jicho halijaiona, na hali ya kushindwa ni hadithi. Kwa hiyo mwandishi huzipa sehemu ndogo ya fikra zake: kiduara kikizunguka, kisha data, pakiwa na kosa, maandishi mekundu. Penye mtandao hafifu, hizo ambazo kwake ni hali za pembeni ndizo skrini ambayo mtu hukaa nayo. Na huko huzaliwa hali isiyokuwa kwenye orodha yake: data ya mwezi uliopita ipo kwenye simu, ombi jipya limefeli. Mwandishi wa haraka huweka sharti la kosa juu kabisa, akirudisha ujumbe wa kosa mapema, kama ushauri wa usafi unavyomwelekeza. Msimbo unasomeka vizuri sana. Lakini umeifuta taarifa ya Julai iliyokuwa tayari mkononi mwa mtu kwa sababu ile ya Agosti haijafika. Hali hiyo ikipewa jina lake, tuseme yaZamani, itakuwa na skrini yake: awamu iliyokuwepo, tarehe yake kwa herufi kubwa, na mstari unaosema kwamba jaribio la kupata mpya halikufaulu.

Hasara huongezeka panapohusika fomu. Data ya ukame hukusanywa na watu wanaozunguka kwenye kaya na masoko wakiwa na maswali marefu. Tuseme mmoja anajaza fomu ya wavuti, na kijenzi kimeandikwa hivi: kunaMtandao ? <Fomu /> : <HamnaMtandao />. Mstari mfupi, safi, unaoeleweka na kila mtu. Mtandao ukikatika kwa sekunde 2, React huiondoa Fomu kabisa, na kila alichokiandika ambacho kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya kijenzi hicho tu kinapotea nayo. Ukirudi, fomu mpya inachorwa, tupu. Vue ina njia mbili kwa sababu hiyohiyo: v-if huondoa kitu kwenye ukurasa, v-show hukificha tu kikabaki hai. Kuchagua kati ya hizo mbili kunahitaji kujua kama kukatika kwa mtandao kunaibadilisha hali ya fomu. Jibu ni hapana. Fomu inaendelea kujazwa. Kinachobadilika ni kama inaweza kutumwa sasa hivi. Sharti lilipaswa kuwekwa kwenye kitufe cha kutuma, na fomu iachwe ilipo.

Mtu anaweza bado kuuliza haya yote yana faida gani kwa mkazi wa Tseikuru ambaye atapata habari za ukame kupitia baraza la chifu, au redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM, na asiufungue ukurasa wowote. Lakini mtangazaji amepata wapi habari hizo? Afisa anayeongea barazani alisoma wapi? Ukurasa una wasomaji wachache ambao kila mmoja husemea wengi. Bango lenye kosa likisomwa na mtu mmoja wa redio, halibaki kosa la mtu mmoja, na redioni hakuna tarehe ya chini wala kiungo cha kubofya ili kuhakiki. Kwa hiyo uchache wa wanaofungua ukurasa si hoja ya kulegeza masharti yake.

Limebaki swali ambalo wanaopenda majedwali hulisahau: kijenzi kifanye nini kikipokea jina kisilolijua? Huenda kesho awamu zikapangwa upya, au mtu akakosea herufi moja wakati wa kuingiza data. Jedwali litatafutwa, jina halitapatikana. Katika TypeScript, tangu ilipopata aina iitwayo never mwaka 2016, mwandishi anaweza kuifanya programu ikatae kujengwa endapo kuna jina ambalo hakuliandalia bango. Hiyo ni kinga nzuri dhidi ya usahaulifu wake mwenyewe, lakini haizuii kinachotumwa na seva baada ya ukurasa kwenda hewani. Huko lazima pawepo tawi la mwisho. Desturi ni kulijaza kwa kitu kisichosumbua, na kisichosumbua hapa ni Kawaida. Huo ni uamuzi kuhusu ukame uliofanywa na mtu aliyedhani anapanga rangi. Tawi la mwisho lionyeshe vipimo kama vilivyofika, tarehe yake, na maneno yanayosema kwamba awamu haikutambulika. Na taarifa ya kosa iende kwa anayeweza kulirekebisha.